Mbege ya kujitengenezea nyumbani, kwa anayeanza kabisa

Hili swali nimeulizwa mara nyingi sana na washkaji, hasa wale waliozaliwa mjini na ambao Uchagani wanaenda Desemba tu: hivi mbege inatengenezwaje, na mtu akitaka kujaribu ndoo moja tu nyumbani aanzie wapi? Leo naandika yote sehemu moja ili nisiwe narudia rudia. Mimi sio mtaalamu wa maabara, shule niliishia kidato cha nne, ila nimekulia kwenye nyumba ambayo ada zetu sote zililipwa na pipa la mbege la shangazi. Kwa hiyo kazi hii naijua kwa mikono, na ile sayansi yake nimeisoma baadaye ili nijue kwa nini shangazi alikuwa anafanya vile alivyofanya. Mara nyingi alikuwa sahihi bila kujua sababu.

Kwanza tuelewane. Naongelea pombe ya kuchacha, sio ya kukeneka. Gongo haimo humu na nitasema kwa nini huko mbele. Halafu kama hujafika miaka 18, soma ujue tu, usitengeneze.

Kwa nini mbege na sio bia ya chupa? Kwa sababu bia ya chupa inataka kimea cha shayiri na hopsi. Shayiri inalimwa huku kaskazini lakini inaishia viwandani, na hopsi (yale maua machungu yanayoipa bia ule ukali) huikuti sokoni. Mbege inataka ndizi na ulezi, basi. Na kila kitu kinachotokea kwenye kiwanda cha bia kinatokea pia kwenye ndoo ya mbege: kuna kimea, kuna kupika, kuna kuchacha, kuna kichungu. Ukiielewa mbege umeielewa busaa ya Kenya, umeielewa komoni, umeielewa rubisi ya Kagera. Zinatofautiana nafaka na mpangilio tu.

PICHA NZIMA KWANZA

Pombe yoyote duniani ni sukari iliyoliwa na hamira. Hamira ni vijidudu hai, vidogo sana huvioni kwa macho, na Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha kwenye miaka ya 1850 na 1860 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai na sio kuoza kwenyewe tu. Hamira inakula sukari, inatoa kileo na inatoa hewa ya kaboni, ile inayofanya povu. Hesabu yake ni rahisi: uzito wa sukari unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Kilo 1 ya sukari ikiliwa yote inatoa karibu nusu kilo ya kileo, inayobaki inaondoka kama hewa.

Kwenye mbege sukari inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni ndizi. Ndizi mbichi ni wanga, ikiiva ule wanga unageuka sukari, mpaka karibu asilimia 20 ya uzito wa nyama ya ndizi mbivu inakuwa sukari. Ndio maana ndizi mbichi haitengenezi pombe hata uipike wiki nzima. Ya pili ni ulezi. Ulezi nao ni wanga, na hamira haili wanga. Sasa hapo ndipo kinapoingia kimea, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapofeli na ndipo hatari yenyewe ilipo.

KIMEA

Mbegu ikiloweshwa inadhani imepandwa. Inaanza kujitengenezea vimeng'enya (mnavikumbuka kwenye baiolojia) vya kuvunja wanga wake kuwa sukari ili mche upate chakula. Sisi tunaiacha ianze hiyo kazi halafu tunaisimamisha katikati kwa kuianika. Vile vimeng'enya vinabaki ndani vimelala, vinasubiri maji ya moto. Hicho ndicho kimea, iwe shayiri ya Ujerumani au ulezi wa Singida, jambo ni lile lile.

Utaratibu wa shangazi ni huu. Chukua ulezi kilo moja na nusu (ukianika na kusaga unapungua, na nyingine utabakiza akiba). Pepeta, toa mawe na mchanga, osha mpaka maji yatoke meupe. Loweka usiku mzima mpaka asubuhi, na kama unaweza badilisha maji mara moja katikati maana maji yakilala yanaanza kunuka. Chuja. Tandaza kwenye gunia safi au majani ya mgomba, unene usizidi vidole viwili, funika na majani mengine au kitambaa chenye unyevu. Weka ndani, sio juani. Asubuhi na jioni nyunyiza maji kidogo na geuza kwa mkono, mkono ulionawa. Ukiingiza mkono katikati utasikia joto, hiyo ni mbegu inapumua. Joto likizidi tandaza iwe nyembamba.

Siku ya pili utaona vimzizi vyeupe. Siku ya tatu, kwenye baridi ya huku juu mlimani hata ya nne, vinakuwa vimeshikana shikana kama zulia. Simamisha hapo. Ukisubiri mpaka majani ya kijani yatokee umechelewa, mche umeshakula sukari uliyokuwa unaitaka wewe. Anika juani kwenye mkeka, tandaza nyembamba, siku mbili tatu mpaka ukiing'ata inavunjika kavu na ukiionja ina utamu. Usiku ingiza ndani. Saga kwenye mashine, mwambie asage isiwe laini sana.

Sasa hatari. Nafaka yenye unyevu, imefunikwa, ina joto... umeshaona mwenyewe hapo ni nyumba ya nani. Ni ya ukungu. Na baadhi ya ukungu unatengeneza sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo inaua ini. Hii sio hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikatokea hapa kwetu, Dodoma na Manyara, watu wakafa kwa mahindi waliyovuna wenyewe. Na kitu ambacho watu hawataki kukubali ni kwamba kupika hakuiondoi. Unaweza kuchemsha uji masaa matatu, ukungu umekufa, sumu ipo pale pale.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: kimea chenye harufu ya uvundo, au chenye madoa ya kijani, meusi au ya pinki, kinatupwa. Chote. Usichague chague punje nzuri. Na usimpe kuku wala ng'ombe, maana inaua na wenyewe. Mwaka mmoja shangazi alinunua kimea kilichosagwa tayari kwa muuzaji fulani sokoni kwa sababu mvua ilikuwa haikatiki, jua la kuanikia hakuna. Kilikuwa kimechanganywa, juu kizuri, chini ya debe kina uvundo. Alikimwaga shimoni debe zima na wiki hiyo hakukuwa na pombe ya kuuza, na sisi wawili tukarudishwa nyumbani kwa ada. Nilimkasirikia sana. Leo nikisoma habari za Chitima (nakuja huko) sina hasira tena. Ndio maana nasema kwa anayeanza: usinunue unga wa kimea. Nunua punje uzione kwa macho, au otesha mwenyewe.

Kwa nini ulezi na sio mahindi? Kimea cha mahindi ni dhaifu na punje yake kubwa inachukua muda kukauka, ukungu unapata nafasi. Ulezi punje ndogo, unakauka haraka, na kimea chake kina nguvu. Mtama nao unatumika sehemu nyingi lakini ujue hili: miche ya mtama inayochipua ina kemikali inayotoa sianidi. Wanaotengeneza kimea cha mtama wanakikausha vizuri na kupukuchua vile vimzizi na vichipukizi vyote kabla ya kusaga. Mgeni wa kazi anza na ulezi.

VYOMBO

Hapa nitaenda haraka. Unahitaji sufuria kubwa ya lita 20 hivi, ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko za lita 20, mwiko mrefu, kitambaa cheupe cha kuchujia, basi. Ndoo iwe ya chakula. Ndoo iliyokuwa na rangi, au pipa lililokuwa na dawa za shamba, usitumie hata uoshe na nini, plastiki inanywa kemikali na pombe inakuja kuitoa. Pia usichachushie kwenye debe la bati au pipa la chuma. Mbege ina asidi, inakula chuma. Kusini mwa Afrika madaktari walikuta watu wazima wengi wenye madini ya chuma yaliyozidi mwilini mpaka ini linaharibika, na chanzo kikubwa kikawa pombe ya nyumbani iliyochachushwa kwenye vyombo vya chuma. Kupikia kwenye sufuria sawa, kulaza pombe humo hapana.

Osha vyote kwa sabuni, suuza, halafu mwagia maji yanayochemka. Plastiki nyepesi inayojikunja kwa maji ya moto tumia jiki kidogo kwenye maji halafu suuza na maji yaliyochemshwa. Usafi huu ndio unaoamua kama mwisho utakuwa na mbege au siki.

NDIZI

Kwa ndoo moja nunua ndizi mbivu ambazo zikimenywa zitabaki kilo 6. Ziwe zimeiva kweli, ganda la njano lenye madoa meusi, lakini zisiwe zimepasuka na kutoa maji. Mjini hata kisukari zinafaa. Wazee wana aina zao za ndizi za pombe na watakuambia kisukari ni dhambi, waheshimu lakini endelea na ulichopata. Huku nyumbani mikungu inaivishwa darini juu ya moto wa jikoni, ule moshi na joto vinaifanya iive pamoja. Mjini ifunge kwenye mfuko na uiweke sehemu yenye joto.

Menya, weka kwenye sufuria na maji lita 8, chemsha. Moto wa wastani, masaa matatu angalau, huku unakoroga na kuponda na kuongeza maji yaliyopungua. Utaona rangi inabadilika kutoka njano kwenda kahawia mpaka wekundu fulani hivi. Usiogope, ndio rangi ya mbege. Kupika huku kunaua vijidudu vya hovyo vilivyokuja na ndizi na kunalainisha ili sukari itoke.

Epua, funika, acha ipoe mpaka iwe vuguvugu. Hamisha kwenye ndoo.

Sasa hamira inatoka wapi kama tumechemsha kila kitu? Swali zuri. Kwa shangazi inatoka kwenye pipa lenyewe, mwiko na kata, vitu vinavyotumika miaka yote na hamira imeshajenga makazi humo, na nyingine inatoka hewani. Wewe ndoo yako ni mpya, haina kitu. Una njia mbili. Ya kwanza, omba nusu lita ya mbege mbichi yenye povu kwa mama anayeuza, iliyotengenezwa jana yake, mimina humo. Ya pili, hamira ya mkate ya dukani, nusu kijiko cha chai inatosha. Ni ukoo ule ule mmoja na hamira ya bia, jina lake la kitaalamu Saccharomyces cerevisiae, ladha tu itatofautiana kidogo. Wazee wa Kibosho na Machame wakisoma hapa watanitukana lakini kwa anayeanza hamira ya dukani ni salama zaidi kuliko kusubiri kitakachodondoka kutoka hewani.

Muhimu: iwe vuguvugu, ukitia mkono husikii moto wala baridi. Moto unaua hamira.

Funika na kitambaa na mfuniko juu yake bila kubana. Acha siku 4, sehemu yenye kivuli na joto la kawaida, nyuzi 25 mpaka 30 ni nzuri. Huko Marangu au Rombo juu ambako usiku ni baridi weka jikoni na ongeza siku mbili. Utasikia inanong'ona. Povu jeupe au la kahawia ni sawa, harufu ya ndizi na mkate ni sawa. Nywele nywele za ukungu juu sio sawa, mwaga. USIFUNGE kabisa chombo. Ile hewa ya kaboni lazima itoke. Kuna watu wanajaza kwenye chupa za glasi na kukaza kizibo ikiwa bado inachacha, chupa inapasuka kama bomu na vigae vinaingia machoni.

UJI WA KIMEA NA KUCHANGANYA

Siku ya tano asubuhi chukua unga wa kimea kilo 1. Hapa kuna ujanja ambao shangazi haufanyi lakini unasaidia sana kama huna kipimajoto. Vimeng'enya vya kimea vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 na kitu mpaka 70. Chini ya hapo vinavuta miguu, juu ya hapo vinakufa. Utapataje nyuzi 65 bila kipimo? Koroga unga wako kwenye maji lita 2 ya kawaida, halafu mimina lita 3 zinazochemka huku unakoroga. Zikichanganyika zinaangukia hapo hapo, karibu 65. Funika sufuria, ifunge na blanketi, acha saa nzima. Kabla ya kufunika onja: ladha ya unga. Baada ya saa onja tena: tamu! Hujaweka sukari hata chembe. Mimi hii bado inanishangaza kila nikifanya.

Ukimaliza hapo rudisha motoni, chemsha kama uji dakika 20 huku unakoroga usigande. Epua, funika, poza mpaka vuguvugu.

Wakati uji unapoa chuja ndizi. Ongeza maji lita 2 yaliyochemshwa na kupozwa kwenye ndoo ya ndizi, koroga, chuja kwa kitambaa kwenda ndoo ya pili, kamua. Wazee walichujia nyasi safi na bado wapo wanaofanya hivyo. Utapata lita 11 au 12 za maji ya ndizi yenye kileo tayari. Changanya na uji, jumla itakuwa kama lita 16. Acha nafasi juu kwa ajili ya povu. Funika bila kubana, acha ilale usiku mmoja. Kesho yake mchana mbege yako iko tayari, nzito kidogo, ina ulezi ulezi, tamu na chachu kwa pamoja.

Ina nguvu kiasi gani? Tupige hesabu ile ya juu. Ndizi kilo 6 zina sukari kama kilo 1.2. Kidogo inabaki kwenye machicha, tuseme unapata kileo nusu kilo kwenye lita 16. Inakuja kama asilimia 4, juu kidogo au chini kidogo. Yaani sio uji, ni bia kamili. Watu wanadanganywa na utamu wanakunywa kata tatu halafu wanashangaa miguu.

MSESEWE

Najua mlikuwa mnasubiri hili. Msesewe ni gamba la mti, mti wenyewe kitaalamu ni Rauvolfia caffra, na ndio unaoipa mbege ule uchungu, kazi ile ile ya hopsi kwenye bia. Linakaushwa, linapondwa, linawekwa kidogo sana. Mimi nasema anayeanza aliache. Sababu ni kwamba jamii hiyo ya miti ina kemikali zenye nguvu zinazoshusha presha na kugusa moyo, na dawa za hospitali zimetokana na ndugu zake. Mama aliyefanya miaka 30 anajua kipande gani na kiasi gani. Wewe uliyeuziwa gamba kwenye kifuko na mtu usiyemjua, hujui hata kama ni msesewe. Mbege bila msesewe ni tamu zaidi na inawahi kuchacha, lakini inanyweka vizuri tu.

CHITIMA

Sasa nifikie nilikoahidi. Januari 2015, mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji. Watu walikuwa msibani, wakanywa pombe ya kienyeji, wenyewe wanaiita pombe kama sisi. Watu 75 walikufa na wengine zaidi ya mia waliugua. Mama aliyeitengeneza naye alikufa. Mwanzoni ikasemwa kuna mtu katia nyongo ya mamba, si mnajua mambo yetu, lazima apatikane mchawi. Vipimo vya maabara vikaja kuonyesha kitu kingine kabisa: unga wa mahindi uliotumika ulikuwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, ambaye anatengeneza sumu inayoitwa asidi ya bongkreki. Haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Hakuna aliyemroga mtu. Unga ulikuwa umeharibika.

Ndio maana nimeandika nusu ya makala hii juu ya punje za ulezi. Mtu anayeanza anadhani hatari ya pombe ya nyumbani ni ile ya kupofuka macho. Kupofuka kunaletwa na methanoli, na kwenye pombe ya kuchacha tu, kama hii, methanoli ni kidogo mno haifiki kumdhuru mtu. Inakuwa hatari kwenye gongo na chang'aa. Anayekeneka anakusanya kileo, na asiyejua kazi anakusanya na vingine humo humo. Na mbaya zaidi ni wanaoongeza spiriti za viwandani ili ikolee haraka. Novemba 2000 Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa hivyo, wengine wakapona wakiwa vipofu. Februari 2024 ikatokea tena Kirinyaga, watu 17. Kwa hiyo ukisikia mtu anakushauri "tia kaspiriti kidogo ichangamke", huyo hata salamu usimpe.

SHERIA

Kwa kifupi. Tanzania Bara gongo ni marufuku, sheria yake ni ya mwaka 1966 na kichekesho ni kwamba inaitwa Sheria ya Moshi, maana moshi ndio jina la zamani la gongo. Watu wa mji wa Moshi tusionewe. Pombe za kuchacha kama mbege zenyewe hazikatazwi, lakini kuuza kunataka leseni chini ya sheria ya vileo ya 1968. Kenya walipitisha sheria mpya mwaka 2010 iliyohalalisha hata chang'aa, ila kwa leseni na masharti, na asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Ukifikiria kuuza, hata ndoo moja kwenye sherehe ya jirani, pita kwanza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji akuelekeze halmashauri, kuna watu wa biashara na watu wa afya. Shangazi alikuwa na leseni yake imebandikwa ukutani juu ya pipa, na mgambo wakija anainyooshea kidole bila hata kusimama.

KUNYWA NA KUTUNZA

Mbege haitunziki. Siku ya kwanza tamu, siku ya pili kali na wapenzi wake wanaipenda hapo, siku ya tatu inaenda kwenye siki. Sababu ni bakteria wa siki wanaotumia hewa kugeuza kileo kuwa asidi. Ikiwa siki haikuui, ila haina raha. Friji inaongeza siku moja mbili, lakini usijaze chombo na usikaze kifuniko. Ndio maana wauzaji wanapishana siku, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule, na kijiji kizima kinajua ratiba.

Ikiwa na harufu ya kuoza, au ina utelezi wa kamasi, au kimea ulikuwa na mashaka nacho tangu mwanzo, mwaga bila kuonja. Ndizi kilo 6 sio hasara ya kulilia. Mtu akinywa pombe yoyote halafu akaanza kutapika sana, tumbo kuuma vibaya, kuona ukungu machoni au kulegea kusiko kwa kawaida, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mbebe na pombe iliyobaki kwenye chupa ili daktari aione. Msimwache "alale itoke". Mjamzito asinywe, anayetumia dawa aulize kwanza kwa daktari, na bodaboda wangu mnaosoma hapa mnajijua.

Machicha ya ndizi, kama hayakuwa na ukungu, wape nguruwe au tupia shambani kwenye migomba. Ndoo osha siku ile ile maana yakikaukia humo utasugua mpaka ulie.

Haya, mwenye swali aandike hapo chini nitajibu nikipata nafasi. Na watu wa Rombo naomba mnisaidie kitu: nasikia kuna mnaochanganya uji wa ulezi siku ile ile mnapochuja na wengine mnausubirisha usiku mmoja peke yake kwanza. Ipi inatoa povu zaidi?